Kabla Hujasema Arena Imekosea

Umemgeuza dubwana la mpinzani kuwa chura wa 1/1, yaani mwenye nguvu 1 na uimara 1. Zamu inayofuata chura huyo anakushambulia na kukutoa uhai 4. Wachezaji wengi wa Magic: The Gathering Arena, toleo la kidijitali la mchezo wa kadi wa Magic, wakifika hapo hupiga picha ya skrini na kulalamika kwamba programu ina hitilafu. Mara nyingi hakuna hitilafu. Magic ilitoka mwaka 1993, ikiwa kazi ya Richard Garfield, na kanuni zake kamili leo zinazidi kurasa 200. Kwenye meza ya kadi za karatasi watu husameheana na kusahau. Arena haisahau kitu. Kwa hiyo anayetaka kupanda daraja ajifunze mahali ambapo kadi mbili zikikutana hutoa jibu lisilotarajiwa, kwa sababu mechi nyingi zilizo sare kwa nguvu huamuliwa hapo.

Tuanze na huyo chura. Kadi yenyewe ni Frogify, iliyotoka na seti ya Throne of Eldraine mwaka 2019. Inasema kiumbe kinapoteza uwezo wake wote na kuwa Chura wa buluu mwenye nguvu na uimara wa msingi 1/1. Neno la kushika hapo ni "msingi". Kanuni hupanga athari zote zinazodumu katika tabaka 7, na kila hali ya uwanja huhesabiwa upya kuanzia tabaka la 1 hadi la 7: kunakili, udhibiti, maandishi, aina, rangi, uwezo, halafu nguvu na uimara. Ndani ya tabaka la 7 mna ngazi ndogo. Kadi inayosema "sasa ni 1/1" huhesabiwa kwanza, kisha ndiyo huja kaunta za +1/+1 (alama zinazokiongezea kiumbe nguvu 1 na uimara 1) na nyongeza nyingine. Kiumbe chenye kaunta tatu za +1/+1 kikipigwa Frogify kinakuwa 1/1, halafu 3 zinajumlishwa juu yake: 4/4. Haijalishi kaunta ziliwekwa kabla au baada.

Kwa hiyo usitumie Frogify, wala Witness Protection inayofanya kazi kama hiyo, kwa kiumbe kilichojaa kaunta ukidhani umemaliza kazi. Zitunze kwa kiumbe ambacho hatari yake iko kwenye uwezo ulioandikwa. Kwa hicho cha kaunta, kirudishe mkononi: kikiondoka uwanjani kaunta zote zimekwisha, na mwenyewe atakilipia upya.

Uwezo wenyewe, kwenye tabaka la 6, hufuata muda. Kiumbe kilichopewa kaunta ya kuruka kabla ya Frogify kinapoteza kuruka. Kikipewa baada ya Frogify, kinaruka. Mwenye chura anaweza kumrejeshea makali kwa kumpa uwezo mpya, na wengi hawajaribu kwa kudhani kiumbe kimekufa ganzi moja kwa moja.

Kisa kigumu kuliko vyote katika kundi hili ni Ashaya, Soul of the Wild. Ashaya ana nguvu na uimara sawa na idadi ya ardhi zako (kadi zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia kadi nyingine), na anafanya viumbe vyako visivyo tokeni (tokeni ni kiumbe kinachozalishwa na kadi nyingine, si kadi chenyewe) kuwa pia ardhi aina ya Forest. Mpinzani akimpiga Frogify, utaona Ashaya ni 1/1, lakini viumbe vyako vingine bado ni Forest na bado vinatoa mana ya kijani. Sababu ni mpangilio ule ule. Kubadili aina ni kazi ya tabaka la 4. Kupoteza uwezo ni kazi ya tabaka la 6. Hesabu inapofika la 6 na kumfuta Ashaya uwezo, viumbe vimeshakuwa ardhi tangu la 4, na hesabu hairudi nyuma. Ila uwezo wa kumpa Ashaya ukubwa wake unafanya kazi kwenye la 7, na huko ulishafutwa. Ukimwelewa Ashaya, kadi nyingi zinazofanana naye utazitabiri bila kumuuliza mtu. Jiulize tu: hiyo athari inafanya kazi tabaka gani, na kinachoifuta kinakuja kabla yake au baada yake?

Kunakili kuko tabaka la 1, chini ya yote. Ukinakili kiumbe kilichogeuzwa chura unapata kiumbe cha asili chenye uwezo wake wote, bila kaunta na bila Frogify. Chura wa adui akiwa zamani alikuwa kiumbe kikali, basi ndiye wa kunakili.

Sasa steki, yaani foleni ya kadi na uwezo vinavyosubiri kutekelezwa, ambamo cha mwisho kuingia hutoka kwanza. Hapa ndipo mechi nyingi zinapopotea.

Banishing Light inapoingia uwanjani, uwezo wake hupanda kwenye steki: peleka kadi moja ya mpinzani uhamishoni, yaani nje ya mchezo, mpaka Banishing Light itakapoondoka. Mpinzani akiivunja wakati uwezo huo bado unasubiri, basi ule muda wa "mpaka itakapoondoka" umeisha kabla ya kuanza, na kadi yake haiendi popote. Akingoja uwezo utekelezwe ndipo aivunje, kadi yake inaondoka na kurudi ikiwa kitu kipya kabisa.

Wewe unayeshika kadi ya kuivunja una uamuzi wa kufanya. Kiumbe chako kikiwa na kaunta au kadi zilizopachikwa juu yake, vunja mara moja, kwa sababu kikiondoka hivyo vyote vinapotea. Kikiwa tokeni, vunja mara moja vilevile: tokeni ikienda uhamishoni hairudi tena. Lakini kama kiumbe chako kina uwezo mzuri wa kuingia uwanjani, tulia, kiache kiende, kisha vunja. Kitarudi na kuuwasha uwezo huo mara ya pili. Wanaovunja haraka kila wakati huacha faida hiyo mezani.

Kadi ya zamani Oblivion Ring iliandikwa tofauti, kwa uwezo miwili iliyotengana: mmoja wa kuingia, mmoja wa kuondoka. Ikiondoka uwezo wa kwanza ukiwa bado kwenye steki, ule wa kurudisha unatekelezwa kwanza na haukuti cha kurudisha, halafu wa kwanza unapeleka kadi uhamishoni milele. Ukikutana na kadi ya namna hii soma maandishi yake: ni sentensi moja yenye "mpaka", au ni sentensi mbili? Jibu linabadilika kabisa.

Walengwa nao wana lao. Lightning Helix inampiga mlengwa 3 na kukuongezea uhai 3. Ukiilenga kwa kiumbe, na mpinzani akakitoa kafara kabla haijatekelezwa, hupati hata huo uhai 3. Kadi ambayo walengwa wake wote hawafai tena haitekelezwi kabisa, pamoja na sehemu zake zisizohitaji mlengwa. Ingekuwa na walengwa wawili na mmoja akabaki, sehemu iliyobaki ingefanya kazi. Basi ukiwa na uhai 2 na unaitegemea Helix ikuokoe, mlenge mpinzani mwenyewe. Yeye hawezi kujitoa kafara.

Ward huchanganya watu kwa sababu inafanana na kinga. Si kinga. Ni uwezo unaojiwasha kiumbe kinapolengwa na adui, na kazi yake ni kubatilisha kadi iliyokilenga kama gharama haikulipwa. Kadi iliyoandikwa kwamba haiwezi kubatilishwa inapita: Ward itawaka, utakataa kulipa, na kadi yako itafanya kazi kama kawaida. Usipoteze mana kulipa.

Kwa steki, Arena yenyewe inaleta tatizo ambalo karatasi haina. Ili mechi isichoshe, programu hukupitishia nafasi nyingi za kujibu, hasa kadi yako mwenyewe inapokuwa ndiyo iliyo juu ya steki. Ukitaka kujibu kadi yako, kwa mfano kuinakili, au kufanya jambo katika hatua ambayo programu huiruka, washa Full Control, hali inayokusimamisha kwenye kila hatua. Kwenye kompyuta ni kitufe cha Ctrl, na Shift pamoja na Ctrl huifunga ibaki hivyo. Kwenye simu hakuna kibodi, kwa hiyo itafute alama yake kwenye skrini mapema, kabla kamba ya muda, ile inayoungua skrini kuonyesha muda wako unaisha, haijaanza kuwaka. Ukimaliza izime. Ukiiacha, utabonyeza kila hatua ya kila zamu na muda wako utaisha.

Jambo la pili ni mana. Programu ikikuchagulia ardhi za kulipia, huenda ikatumia ile ya rangi uliyoihitaji kwa kadi ya pili. Ukipanga kucheza kadi mbili zamu moja, gusa ardhi mwenyewe kwanza, ndipo ucheze kadi.

La tatu limefichwa ndani ya mipangilio: kuna chaguo la kupanga kiotomatiki uwezo unaojiwasha kwa pamoja, na jingine la kuchagua kiotomatiki athari za kubadilisha tukio. Chukua Conclave Mentor, inayosema kaunta za +1/+1 zikiwekwa kwenye kiumbe chako huongezeka moja, na Branching Evolution, inayozizidisha mara mbili. Unaweka kaunta moja. Ukianza na kuongeza: 1 na 1 ni 2, mara mbili ni 4. Ukianza na kuzidisha: 1 mara mbili ni 2, ongeza 1 ni 3. Ukiwa na Conclave Mentor mbili pengo linakuwa 6 dhidi ya 4. Kanuni zinampa mwenye kiumbe haki ya kuchagua mpangilio. Kwa deki ya kaunta, zima chaguo hilo la kiotomatiki na uchague mwenyewe: jumlisha kwanza, zidisha mwisho.

Kwenye mapigano kuna mchanganyiko mmoja ambao kila mtu aujue. Deathtouch hufanya pigo la 1 litoshe kuua, na Trample hupeleka ziada kwa mchezaji. Zikikutana kwenye kiumbe kimoja cha 6/6 kilichozuiwa na viumbe viwili, 1 kwa kila mzuiaji inatosha, na 4 zinamfikia mchezaji, hata kama wazuiaji ni 8/8. Hata mzuiaji asiyeweza kuharibiwa anahesabiwa 1 tu, ingawa hafi. Pia kiumbe kilichozuiwa hubaki kimezuiwa hata mzuiaji akitolewa kafara. Bila Trample hakimpigi mchezaji kabisa. Ndiyo maana kuzuia kwa tokeni kisha kuitoa kafara ni ulinzi halali.

Nine Lives na Solemnity, zote zilizoingia Arena mwaka 2020, ni jozi ya kuijua hata kama huichezi. Nine Lives huzuia kila pigo dhidi yako na kujiwekea kaunta; zikifika 9 inaenda uhamishoni, na ikiondoka uwanjani unashindwa. Solemnity inakataza kaunta kuwekwa. Pigo linazuiwa, kaunta haiwekwi, basi mapigo hayakuui tena. Mana 3 na mana 3, na deki nyingi za kushambulia zimekwama.

Ukikabiliana nayo usiendelee kushambulia ukitumaini. Nine Lives haiwezi kulengwa na mpinzani, lakini Solemnity inaweza: ivunje hiyo, ndipo kila mshambuliaji awe kaunta moja, wakiwa watatu ni kaunta tatu. Njia nyingine ni kupoteza uhai, ambako si sawa na kupigwa. Kadi inayosema mpinzani anapoteza uhai 2 inapita bila kizuizi. Iliyo bora zaidi ni kadi inayofagia bila kulenga na kuchukua Nine Lives yenyewe, kwani ikiondoka tu mechi imekwisha.

Mizunguko isiyo na mwisho ihesabu kabla ya kuianzisha. Marauding Raptor hupiga 2 kila kiumbe chako kingine kinachoingia, na kikiwa Dinosaur inajiongezea nguvu 2 mpaka mwisho wa zamu. Polyraptor ni Dinosaur wa 5/5 anayezaa nakala yake kila akipigwa. Zikikutana, nakala inaingia, inapigwa, inazaa, bila kikomo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba unaweza kukataa. Kanuni zinasema mzunguko wa lazima usiokatishwa na yeyote ni sare. Anayetaka kushinda awe na kadi ya kuukata mkononi, aichague kwa makini. Usitumie kadi ya kuchoma: 3 haimuui Polyraptor, inamwasha tena. Ukiiondoa Marauding Raptor utabaki na kundi la Polyraptor lisiloweza kushambulia zamu hiyo. Lakini ukiiharibu au ukiirudisha mkononi ile nakala mpya kabisa, kabla pigo lake la 2 halijatekelezwa, mzunguko unakatika, na Marauding Raptor iliyokuwapo tangu zamu iliyopita inabaki na nguvu zote ilizokusanya, tayari kushambulia. Anzisha mzunguko kabla ya mapigano, na Full Control ikiwa imewashwa.

Scute Swarm haina mzunguko lakini inakula muda vilevile. Ukiwa na ardhi 6 au zaidi, kila ardhi inayoingia huzaa nakala kwa kila Scute Swarm uliyo nayo: 1, 2, 4, 8, 16. Ardhi kumi mfululizo ni 1,024. Cheza ardhi mwanzoni mwa zamu, siyo kamba ikiwa imeshawaka.

Mwisho, soma neno "if" la Kiingereza linapokaa mara tu baada ya tukio linalowasha uwezo. Resplendent Angel anazaa malaika wa 4/4 mwanzoni mwa hatua ya mwisho wa zamu, kama umeongeza uhai 5 au zaidi zamu hiyo. Sharti hukaguliwa mara mbili, uwezo unapotaka kuwaka na unapotekelezwa. Ukingoja hatua ya mwisho ianze ndipo uongeze uhai, uwezo haukuwaka kabisa na hakuna cha kujibu. Ongeza uhai wako kabla, katika awamu kuu ya pili au wakati wa mapigano.

Ukiwa na shaka kuhusu jozi yoyote, usiijaribu kwenye mechi ya daraja. Tengeneza deki ya kadi 60, weka nakala 4 za kila kadi unayoichunguza, jaza zilizobaki kwa ardhi na kadi za kuvuta, kisha cheza na Sparky, yule mpinzani wa kompyuta. Washa Full Control, zima machaguo yote ya kiotomatiki, na uangalie kila kitu kinavyopanda na kushuka kwenye steki, kimoja kimoja. Jaribu mpangilio wa pili pia, maana wa kwanza pekee hautakuonyesha tofauti.