Babu Yako Hakuwa Mtu wa Kuhurumiwa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba mjukuu wangu amepona kikohozi. Unaniuliza kwa nini babu yako hakurudi kwao Mueda baada ya Msumbiji kupata uhuru mwaka 1975, ilhali baadhi ya wenzake aliovuka nao mto Ruvuma walifunga virago wakarudi. Swali ni la haki, ila naona ndani yake umekwisha kumweka babu yako katika kundi la watu walioishi ugenini wakiugua moyoni mpaka walipozikwa. Kabla sijafika kwenye kurudi na kutorudi, naomba unielewe jambo moja: babu yako hakuwa mtu wa kuhurumiwa.

Sisemi kwamba hakuteseka. Kwao Wareno waliwalazimisha watu kulima pamba na kufanya kazi za shokoa, ndiyo maana akavuka akiwa kijana asiye na mke, akawa manamba katika shamba la mkonge huko Lindi. Habari za watu waliopigwa risasi Mueda tarehe 16 Juni 1960 zilimkuta upande huu, na bibi yako alinisimulia jinsi alivyokaa muda mrefu bila kusema na mtu. Dar es Salaam alikuja baadaye, aliposikia kwamba vinyago vya mpingo vina wanunuzi. Mjini watu walimwita Mmawia, jina walilowapa Wamakonde wa Msumbiji kama yeye, wakawatisha watoto wao kwa chale zake za usoni, na mimi shuleni niliulizwa kama ni kweli kwamba baba yangu hula watu. Hayo yote yalikuwapo. Lakini mtu huyohuyo jioni alioga, akavaa suruali iliyopigwa pasi, na NUTA Jazz wakisikika redioni alimshika bibi yako mkono pale uani, akamzungusha mpaka mboga ikaungua. Mbona hilo hakuna anayeniuliza?

Mchana alichonga. Alikaa chini na tezo lake, akiondoa ule weupe wa nje wa mpingo mpaka aufikie weusi, na hakutaka kusemeshwa. Alichonga vinyago vya mashetani kwa sababu vilinunuliwa, lakini mkono wake hasa ulikuwa katika mtindo wa watu kubebana, ule ambao wachongaji humtaja Roberto Yakobo Sangwani kuwa mwanzilishi wake. Wakati mmoja alichonga nguzo ndefu ya namna hiyo, na kadiri nyuso zilivyotokeza ndivyo nilivyotambua kwamba ni sisi: bibi yako chini akiwa na ndonya yake, lile pambo la mdomo wa juu, mjomba wako na kitovu kilichotokeza, na mimi juu kabisa nimeshika sikio la mtu. Nikatoka shule siku moja nikakuta mahali pake pamebaki vumbi tu. Nililia, naye akanitazama kwa mshangao wa kweli, akasema, "Si nyinyi mpo? Nitawachonga tena." Hakutuchonga tena. Mpaka leo sijui niko sebuleni kwa nani, katika nchi gani, nami nakiri kwamba nikikaribia duka la vinyago bado macho yangu hutafuta sikio lile.

Sasa linganisha na hili. Alikuwa na lipiko, kinyago kile cha mti mwepesi kinachovaliwa kichwani kama kofia, chenye nywele za mtu zilizogandishwa na chale zilizotengenezwa kwa nta. Mimi sikutakiwa kujua kwamba kipo. Alikuja mnunuzi, paa letu likiwa linavuja, akataja bei ambayo bibi yako aliikumbuka kwa uchungu hata uzeeni, na babu yako akamjibu kwamba hakuna kitu kama hicho nyumbani kwake. Familia nzima aliiuza bila kupepesa macho, na kipande cha mti cheupe akakikatalia fedha. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi. Kisha nikaona kwamba sisi kweli tulikuwapo, kama alivyosema, ilhali lipiko kama lile asingelipata tena. Kisha nikakasirika upya.

Lakini ulipaswa kumwona akicheza. Jando lilipokwisha na vijana wakitolewa, Wamakonde wa pembeni mwa mji walikusanyika, ngoma zikapigwa, na mapiko, yaani wachezaji waliovaa vinyago vya namna ile, yakatoka yamefunikwa nguo mwili mzima, njuga zikilia. Sisi wanawake tulitakiwa tuamini kwamba yule si mtu, bali ni mfu aliyerudi, na tukimbie kwa hofu. Nilikimbia na wenzangu, nikipiga kelele kama desturi inavyotaka, lakini nilikuwa nimekwisha kuliona bega la kushoto likitangulia kabla ya mguu, kama lilivyotangulia kwetu uani. Usiku ule aliporudi nyumbani aliniuliza, huku akijifanya anatafuta kiberiti, kama ngoma ilikuwa nzuri. Nikamwambia kwamba lipiko la mwisho lilikuwa zuri ila lilichelewa kusimama ngoma ziliponyamaza. Hakusema kitu. Ngoma iliyofuata, lipiko lile lilisimama pamoja na ngoma, likatulia kama mti, na wapigaji wenyewe wakashangilia. Tuliendelea hivyo mpaka nikaolewa, yeye akiuliza habari za mfu asiyemjua, nami nikimsahihisha mfu huyo bila huruma, na katika maisha yangu sijapata tena mtu aliyenisikiliza namna ile.

Ndiyo maana nasema hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Utaniambia kwamba alicheza ili kusahau kwao, na kwamba furaha ile ilikuwa kitambaa juu ya kidonda. Nami nimewahi kuwaza hivyo, hasa nikikumbuka jinsi alivyozima redio kila habari za vita vya huko zilipotajwa. Hata hivyo mtu anayetaka kusahau hachezi ngoma ya kijiji alikotoka, tena kwa kusahihishwa na binti yake. Au pengine hucheza hiyohiyo. Sijui nimalizeje hoja hii.

Kuhusu swali lako: vita vya ndani vilianza Msumbiji mapema mno baada ya uhuru, na hiyo ndiyo sababu aliyowapa wageni. Lakini kabla ya vita palikuwa na nafasi ya kuondoka, bibi yako alikuwa tayari, na babu yako alisema tu kwamba mpingo alionunua ulikuwa haujachongwa. Ninayo maoni yangu kuhusu jibu hilo, nayo si laini sana kwake, lakini nikiyaandika utayachukua kuwa ndiyo ukweli, wakati yeye hayupo kujitetea.

Umeuliza pia kama lipiko lake bado lipo. Hayo ni mambo ya wanaume. Muulize mjomba wako, na akikuambia kwamba limeliwa na mchwa, mwambie aangalie darini, upande wa jikoni, ingawa mimi sijui lolote.

Mama yako