Patinir, au mwigaji wake?

SWALI: Katika katalogi ya mnada hapa Brussels nimeona mchoro wa mafuta juu ya ubao wa mwaloni: Bikira Maria amepumzika na mtoto njiani kwenda Misri, nyuma kuna miamba na bahari. Umeandikwa "Mfuasi wa Joachim Patinir". Je, ni wa Patinir mwenyewe, yule mchoraji wa mandhari wa Flandria wa karne ya 16? Nikague nini kabla ya kutaja bei?
Msomaji, Brussels

JIBU: Si wake, na katalogi imeshakuambia. Jina likisimama peke yake, wauzaji wanaamini ni mkono wake. "Karakana ya" maana yake umetoka chumbani mwake mwa kazi. "Mduara wa", mtu wa zama zake aliyekuwa karibu naye. "Mfuasi" ameiga mtindo tu, hata kama hakuwahi kuwa mwanafunzi wake.

Na mtindo huo unaigika: kahawia mbele, kijani katikati, buluu kwa mbali. Kwa hiyo muache Maria, chungulia nyuma yake. Patinir hupenda kuweka shamba la ngano iliyoiva kimiujiza, na askari wa Herode wakimhoji mkulima kuhusu familia iliyopita. Kwa lenzi, askari wana mikono na mikuki, au ni vidoa tu? Watu wakiwa bora kuliko mandhari, hilo peke yake si kasoro: katika Majaribu ya Mtakatifu Antoni, yaliyoko jumba la makumbusho la Prado, Madrid, mandhari ni ya Patinir, watu ni wa mchoraji mwenzake Quentin Massys.

Kisha omba ubao ugeuzwe. Mwaloni hutanuka na kusinyaa kwa upana kufuata unyevu wa hewa. Ukiwa umechongwa ukawa mwembamba, ukagundishiwa mbao za kuunyoosha, hukosa pa kwenda, nao hupasuka, mara nyingi kwenye viungo. Chini ya taa ya urujuanimno (UV), vanishi kuukuu hung'aa kijani-kijani; mabaka meusi ni rangi iliyoongezwa juu yake baadaye. Yakijaa usoni mwa Maria, punguza dau lako.

Pete za mti ubaoni, moja kwa kila mwaka wa ukuaji, nazo husomeka. Pete ya mwisho ikiwa ya 1540, mti haukukatwa kabla ya hapo, na Patinir alifariki 1524. Kipimo hicho humtoa mtu kwenye orodha, hakimtaji mchoraji.

Hesabu pia kamisheni ya mnunuzi, yaani ada ambayo nyumba ya mnada hukutoza juu ya bei. Nyundo ya mnadi ikigonga kwa euro 8,000 na kamisheni ni asilimia 25, utalipa 10,000, kabla ya kodi na usafiri.