Kapteni, Si Sisi

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Kwa kuwa mwezi ujao unaanza kazi ya urubani msaidizi, umeniuliza ni lini nilikikaribia kifo kazini, nawe umekisia kuwa ni ndani ya mawingu ya masika. Sivyo. Ilikuwa chini kabisa, ndege ikitambaa polepole kuliko baiskeli ya muuza maziwa. (Mama yako hajui habari hii, na asijue.)

Ilikuwa jioni ya manyunyu, nasi tulikuwa tumeagizwa kusubiri kwenye maingilio ya katikati ya njia ya kurukia. Nikasikia redioni ruhusa ya kuruka ambayo, kwa jinsi nambari ya ndege iliyotajwa ilivyofanana na yetu na kwa haraka niliyokuwa nayo, niliichukua kuwa yetu. Nikaachia breki. Pua ilikwisha kuvuka mstari wa manjano wa kusubiria wakati rubani msaidizi, kijana niliyemkaripia asubuhi kwa kuuliza maswali mengi, aliposema, "Kapteni, si sisi." Nikakanyaga breki. Taa nilizozidhania za gari la uwanjani zilikua ghafla, na ndege yenye ruhusa yake ikatupita mbele kwa kishindo, ikituachia maji kioo kizima.

Kosa kama langu liliwahi kuua. Tarehe 27 Machi 1977, katika ukungu wa uwanja wa ndege wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Uhispania, Boeing 747 ya KLM, shirika la Uholanzi, ilianza kukimbia bila ruhusa ya kuruka, ya Pan Am, shirika la Marekani, ikiwa bado njiani humohumo, na watu 583 wakafa. Jumbe mbili zilizotumwa redioni kwa wakati mmoja zilikuwa zimezimana zikawa mlio mtupu. Mhandisi wa ndege ya KLM aliuliza kama wenzao wamekwisha kutoka njiani. Kapteni wake, mtu mwenye heshima kubwa katika shirika lile, akajibu kwa mkazo kwamba ndiyo, na hakuna aliyeuliza tena. Swali lilikuwepo, mwanangu. Lililokosekana ni swali la pili.

Hata katika uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo, tarehe 2 Januari 2024, ndege ya walinzi wa pwani iliyoambiwa tu kuwa ni ya kwanza kwenye foleni iliingia njiani ikagongwa na Airbus ya abiria iliyokuwa ikitua. Watu 5 wakafa humo, ingawa wote 379 wa Airbus waliokoka.

Usiku ule nilimwomba radhi yule kijana hotelini. Akaniambia kwamba, kwa sababu ya karipio langu la asubuhi, alisita mara mbili kabla ya kufungua mdomo.

Baba yako