Maswali na majibu: John Jones yupi ndiye babu yenu?

Barua za safari hii nyingi ni za wenzetu walioolewa au kuoa Pennsylvania, jimbo la Marekani, ambao watoto wao kwa upande mmoja wanarudi Wales, magharibi mwa kisiwa cha Britania.

Shikamoo mzee. Mume wangu ni wa Scranton, mji wa Pennsylvania. Babu wa babu yake alitoka Wales akaja kuchimba makaa ya mawe. Tunajua jina tu, John Jones. Tuanzie wapi?

Marahaba mwanangu. Popote, ila si Wales. Kumtafuta John Jones kule bila kujua kijiji ni sawa na kusimama Kariakoo saa sita mchana ukaita "Juma!" Watageuka wengi.

Anzia alipofia. Pennsylvania iliandikisha vifo vya jimbo zima kuanzia 1906, na cheti kina nafasi ya jina la baba na la mama. Sensa ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, na mwaka aliohamia Marekani. Ya 1890 msiihangaikie, karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington wa 1921. Kama aliuawa na mgodi, wakaguzi wa migodi ya jimbo hilo walitoa ripoti za kila mwaka tangu 1870, na marehemu wametajwa kwa majina. Faili la uraia nalo lina faida kama ni la baada ya Septemba 1906; ya zamani mara nyingi hayasemi hata alizaliwa wapi.

Jiwe la kaburi limeandikwa lugha tusiyoijua. Picha tumeiambatanisha.

Hicho ni Kiwelisi. *Er cof am* ni "kwa kumbukumbu ya". *Hefyd* ni "pia", kwa hiyo kuna marehemu wa pili, na *ei briod* inawaambia ni mkewe. Mstari wa kuukodolea macho ni wa tatu, *genedigol o*, yaani "mzaliwa wa". Kinachofuata ni mahali alipotoka, na hapo ndipo kuvu imekalia! Mimi naona "Llan" peke yake, nayo haitoshi, maana ni neno la kanisa na uwanja wake, na vijiji chungu nzima vya Wales vinaanza hivyo.

Msisugue kwa brashi ya waya wala kumwagia dawa ya kufulia. Rudini jioni jua likiwa chini, au mulikeni tochi kwa ubavuni usiku. Herufi zilizolika hutupa kivuli, mkazisoma bila kuligusa jiwe.

Kwa nini kwenye karatasi za zamani baba ni Rhys na mtoto ni Price?

Msomaji wa Unguja hahitaji maelezo marefu hapa. Wawelisi walikuwa na *ap* kama sisi tulivyo na "bin", na *ferch* kama "binti". Ap Rhys ikitamkwa haraka ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ab Owen ikawa Bowen. Jones nayo ni "wa John" tu. Desturi hiyo ilidumu sehemu za mashambani hadi karne ya 19, kwa hiyo baba wa John Jones wenu anaweza kuwa John Evans, na babu yake Evan fulani. Msimkatae kwa kuwa ukoo haufanani.

Majina yalipokuwa machache hivyo, watu waliitana kwa shamba au kwa kazi, kama vile mtaani kwetu kuna Juma Fundi Baiskeli na Juma Mpemba. Kwa hiyo jina la shamba likitokea kwenye barua au tanzia, liandikeni. Tanzia za wahamiaji zitafuteni kwenye *Y Drych*, gazeti la Kiwelisi lililoanzishwa New York mwaka 1851.

Kwenye Biblia ya familia yupo Idris, kazaliwa 1874. Alikuwa Mwislamu?

Hapana, ingawa nami nilishtuka mara ya kwanza. Idris ni jina la kale la Wales. Kuna hata mlima, Cadair Idris, yaani Kiti cha Idris.

Ila fungueni ukurasa wa mbele muone Biblia ilichapwa lini. Kama ni baada ya 1874, na watoto wote wameandikwa kwa wino mmoja na mwandiko mmoja, basi mtu alikaa siku moja akaandika kwa kumbukumbu. Tarehe zake zihakikini kwingine.

Ni kweli Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji New York, waliwabadilishia majina?

Si kweli. Makarani walisoma orodha zilizoletwa na meli. Tena kituo hicho kilifunguliwa 1892. Aliyeshukia New York mwaka 1869 alipitia Castle Garden, kituo kilichokitangulia.

Kijiji tumekipata. Sasa?

Vizazi vya Wales vimesajiliwa serikalini tangu Julai 1837, na faharasa ya mtandaoni ya ofisi ya usajili inaonyesha ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Hapo ndipo akina Jones wanapoanza kupungua. Ubatizo msiutafute Kanisa la Anglikana tu, maana wengi walisali kwa Wabaptisti, Wamethodisti na wengineo. Maktaba ya Taifa iliyoko Aberystwyth inaruhusu kusoma bure mtandaoni magazeti hadi 1919 na wosia za kabla ya 1858.

Mkishampata John mnayemtaka, mtazameni tena kwenye sensa ya Wales ya 1881. Kama bado yupo kijijini na mke na watoto, wakati wenu alihesabiwa Scranton 1880, mmejibandikia babu wa watu.