Kabla hujaandika "mama hana elimu": kwa maafisa lishe wapya

Wiki iliyopita nimepitia madodoso ya vijana wetu waliorudi kutoka vijijini. Kwenye sababu za mtoto kutopewa vyakula vyenye asili ya wanyama, karibu kila karatasi ina maneno yale yale: "Mama hana elimu ya lishe." Nikacheka, kisha nikanuna, maana mwandiko ni wenu lakini sentensi ni yangu. Niliiandika sana enzi zangu, kitambulisho kikining'inia shingoni. Kaeni kidogo, wadogo zangu, kabla hamjapanda tena pikipiki.

1. Mchuzi si samaki. Mtoto aliyechovyewa ugali kwenye mchuzi, samaki mwenyewe akaishia sahani ya baba, usimtie tiki. Dagaa wa kusaga walionyunyizwa kama chumvi, vilevile.

2. Usifanye mahojiano ya saa 24, yale ya "mtoto alikula nini tangu jana", siku inayofuata mnada. Jana yake kijiji kizima kimeonja nyama, nawe utapeleka mkoani taarifa ya neema. Mimi niliipeleka, na nikapongezwa kikaoni.

3. Mayai yanayoatamiwa si chakula. Hapa nikae kidogo.

Ilikuwa Singida, mwaka wangu wa pili kazini. Singida mnaijua: kuku wa kienyeji ndio benki, matenga yanapakiwa kwenda Dar es Salaam kila siku. Nikaingia kaya moja, mtoto wa miezi 11, utepe wa kupimia mkono (MUAC) unasoma njano, yaani utapiamlo wa kadiri, na kwenye kadi ya kliniki uzito haujapanda kwa miezi mitatu. Jana alikula nini? Uji wa uwele, ugali na mlenda, uji tena. Na pale pale pembeni ya kihenge, kuku amelala kwenye kapu bovu. Nikainama, nikainua bawa. Mayai 12. Nikageuka, mbele ya mama mkwe na majirani wawili, nikasema, "Mama, mtoto anadhoofu na wewe umekalia mayai 12?"

Siwezi kuiandika hiyo bila uso kuwaka. Mama hakujibu. Aliinamisha kichwa, akawa anachora vumbi kwa kidole cha mguu. Nikaujaza ule ukimya kwenye dodoso: hana elimu.

Siku mbili baadaye ilikuwa Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji. Kina mama kama 40 chini ya mti wa ofisi ya kijiji, sufuria ya uji inatokota, na mimi nahubiri. Nikaomba yai la mfano. Yule mama akaja mbele na mayai matatu kwenye pindo la kitenge. Nikafurahi mno, nikaomba apigiwe makofi. Nikavunja la kwanza moja kwa moja juu ya uji.

Kikadondoka kifaranga. Macho makubwa meusi, manyoya yamelowa yamegandana, kikatua kwenye uji kwa kishindo kidogo ambacho bado nakisikia. Mtoto mmoja akaangua kilio. Bibi mmoja akatema mate pembeni, akasema, "Kumbe ndivyo mnavyotaka tuwalishe." Nusu ya mkutano ikajifunga kanga ikaondoka, na mwenyekiti wa kijiji akaanza kukagua matawi ya mti.

Jioni nikamfuata yule mama nyumbani. Nikamuuliza, hukujua kama yameshaatamiwa?

"Nilijua, daktari. Leo siku ya kumi na nne. Ila wewe ulisema niyapike, na mama mkwe alisikia."

Kisha akanipigia hesabu taratibu, kama anayefundisha mtoto. Wakitotolewa 12, mwewe na ugonjwa wa kideri watabeba zaidi ya nusu. Wakibaki watano, wawili ni sare ya shule ya kaka mtu Januari, mmoja ni wa mgeni, mmoja ni chumvi na sabuni, mmoja abaki atage. Na kuku wenyewe ni wa mama mkwe, yeye ni kulisha tu na kufungia banda. Kwamba yai linamjenga mtoto, alilijua tangu kliniki ya ujauzito. Alinitajia makundi ya vyakula yote bila kukosea, tena kwa mpangilio wa bango letu.

4. Basi uliza kwanza: kuku ni wa nani, nani anauza, pesa inashikwa na nani. Maziwa nayo, uliza ya asubuhi na ya jioni mbalimbali.

5. Chanjo ya kideri, tone la jicho kila miezi mitatu. Mnamkwepa afisa mifugo kama vile anawadai, na yeye ndiye anayeweza kumfikishia mtoto yai kuliko bango lako.

6. Ukiambiwa mtoto akila yai atachelewa kusema au atakuwa mwizi, usicheke. Kaa na bibi. Mimi naona mwiko wa namna hii mara nyingi unalinda mtaji, na yai likianza kupatikana unalegea wenyewe.

7. Mnaopenda kukariri utafiti: ndiyo, Ecuador, matokeo ya 2017, mtoto yai moja kwa siku kwa miezi sita na udumavu ukashuka kwa 47%. Malizieni basi na Malawi, Mangochi, 2019: yai lile lile, miezi ile ile, na kwa jumla watoto hawakurefuka kuliko wenzao. Wale tayari walikuwa wanakula samaki wa ziwani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2023 nao unataka nyama, samaki au mayai kila siku kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23. Mwambie hivyo mtu mwenye kuku watano, uone atakavyokutazama.

8. Dagaa wa mtoto ni wa kuanikwa kwenye chanja. Wa mchangani waachieni kuku.

9. Yai la maonyesho nunua mwenyewe, kwa hela yako, kwa mtu unayemjua. Na livunje kwanza kwenye kikombe, pembeni, ukiwa umewapa mgongo.