Kuhusu mausi ya gemu ya bei nafuu

Mkuu, umeuliza kama Logitech G102 inatosha kwa gemu za risasi. Inatosha kabisa. Ina vitufe 6, gramu 85, na DPI (kipimo cha wepesi wa kishale kwenye skrini) hadi 8,000, ingawa mimi huiweka 800 tu, mkono unatulia. Ubaya wake ni waya: ukikwama ukingoni mwa meza, shabaha imekwenda. Tena ni ndogo, kiganja kikubwa kitachoka.

Kwa joto letu la Tanga mkono hutoa jasho jingi, ifute kila jioni kwa kitambaa kikavu.

Ukienda kununua Ngamiani, usilipe kabla hujaichomeka kwenye kompyuta na kubofya kila kitufe mara nyingi. Mausi yangu ya kwanza, ya kampuni nyingine, nilikuwa nabofya mara moja inajibu mara mbili. Iliniuma sana.