Muulize Mama Zahanati: Boza linamwagilia miti, sisi tunakula vumbi

Mwandishi wa safu hii alikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda kwa miaka 27. Anajibu barua za wasomaji kuhusu kazi, ajali na maradhi ya kazini.

Swali: Shikamoo Mama Zahanati. Nafanya kazi ya kulisha krasha ya kokoto huku Chalinze, mwaka wa nne sasa. Kila Ijumaa ofisi inatugawia pakiti mbili za maziwa ya kuondoa vumbi kifuani. Juzi walikuja wageni, wakapanda miti ishirini getini, wakapiga picha na kutuambia kwamba kazi yetu ni ya maendeleo endelevu. Boza linamwagilia ile miti asubuhi na jioni. Mimi nina kikohozi kikavu tangu mwezi wa Ramadhani, na nikipanda ngazi ya mashine napumzika katikati. Foromani anasema niongeze maziwa. Je, niongeze? Halafu, hayo maendeleo endelevu sisi yanatuhusu nini?
*Mlisha krasha, Chalinze*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Tuanze na hiyo ngazi, maziwa baadaye. Kijana anayelisha krasha hapumziki katikati ya ngazi. Nenda hospitali yenye eksirei kesho, usisubiri mshahara. Na ukifika usiseme tu "nakohoa." Sema hivi: "Nafanya kazi ya kusaga mawe, mwaka wa nne." Daktari asiposikia neno mawe atakupa dawa ya kikohozi urudi nyumbani. Kifua kikuu nacho akupime, maana vumbi la mawe na kifua kikuu wanapikia chungu kimoja: pafu lililoumizwa na vumbi hushikwa na TB kirahisi zaidi.

Sasa maziwa. Maziwa unayameza, yanapita njia ya ugali. Vumbi unalivuta, linapita njia ya hewa. Njia hizo zinaachana kooni na hazikutani tena huko chini. Tone la maziwa likikosea njia unapaliwa mpaka machozi yanakutoka, sasa litasafisha nini? Maziwa ni chakula kizuri, kunywa. Ila usinywe kama dawa.

Na vumbi lenyewe lina ujanja wake. Lile linalokufanya uwe na nyusi nyeupe jioni si baya kuliko yote, maana hukwama puani ukalipenga. La kuogopa ni lile usiloliona, jembamba kiasi cha kufika mwisho kabisa wa mapafu. Mawe mengi magumu yana madini yanayoitwa silika ndani yake, na chembe zake zikishafika huko hazitoki. Mwili unajaribu kuzizungushia kovu. Kovu likija juu ya kovu, pafu linakuwa gumu kama sponji iliyoachwa juani. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi, na hakuna dawa ya kuliondoa lile kovu. Mwaka 1995 Shirika la Kazi Duniani na Shirika la Afya Duniani walianzisha mpango wa kuutokomeza ifikapo 2030. Nikitazama kalenda nanyamaza tu.

Kwenye maziwa hayo nina deni la kwangu mwenyewe. Kiwanda nilichofanyia kazi, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinasaga mchanga mweupe kuwa unga. Kila Ijumaa mimi ndiye niliyekuwa nagawa maziwa, wao wanasaini daftari, nami nagonga muhuri. Nilijua? Nilisomea uuguzi, sikusomea vumbi. Lakini baada ya miaka michache mtu yeyote mwenye macho alikuwa anajua. Palikuwa na mzee mmoja wa kujaza mifuko. Zahanati ilikuwa na ngazi saba. Mwanzoni alikuwa anazipanda akipiga soga. Baadaye akawa anasimama ya nne, anashika ukuta, anajifanya anatazama mtu uwanjani. Tulimtibu kifua kikuu mara mbili. Mwishowe nikawa namteremshia daftari asaini akiwa chini. Siku hiyo ndiyo akaniambia: "Nesi, mimi maziwa haya sijawahi kuyanywa. Nampelekea mwanangu. Kanenepa, Mungu akubariki." Alifariki mwaka uliofuata. Daftari tulilifunga vizuri, halikuwa na kosa hata moja.

Kwa hiyo turudi kwenye boza lenu. Barua yako niliisoma mara mbili pale uliposema linamwagilia miti. Maji mnayo! Maji hayohayo yakinyunyizwa mdomoni mwa krasha, pale mawe yanapomwagwa, na pale kokoto zinapoporomoka kutoka kwenye mkanda, vumbi jingi linatua chini kabla halijafika puani mwako. Jiwe lililolowa halitimui vumbi kama kavu. Mwanamke yeyote aliyewahi kufagia uwanja wa udongo anajua kwamba unanyunyiza kwanza. Bomba lenye matundu madogo na pampu si mradi wa kuombea ufadhili. Kwenye kuchoronga mwamba pia, maji yapite kwenye nondo ya kuchorongea. Na mtu asikupulizie nguo kwa kompresa mwisho wa kazi, ni kulivuta upya lile lililokuwa limeshatulia.

Kitambaa cha kujifunga usoni, au zile barakoa za buluu za wakati wa korona, haviwezi vumbi hili. Inatakiwa barakoa yenye chujio maalumu, ibane uso wote pembeni, na ibadilishwe. Ukiwa na ndevu nyingi haibani. Lakini barakoa ni ya mwisho kwenye foleni. Mwajiri anayeanza na barakoa kabla ya maji amekutupia mzigo wake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri wako kukupima afya kabla hujaanza kazi na kila baada ya muda ukiwa kazini, na gharama ni yake. Wanaosimamia sheria hiyo ni OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi. Nendeni wawili au watatu, msiende mmoja. Mmoja anaitwa mkorofi.

Na maendeleo endelevu yanawahusu kuliko miti. Malengo yale 17 ya Umoja wa Mataifa yalipitishwa mwaka 2015. Lengo la 8 ni la kazi zenye staha, na shabaha yake ya 8.8 inataja waziwazi mazingira salama ya kazi kwa wafanyakazi wote. Juni 2022 Shirika la Kazi Duniani likaongeza usalama na afya kazini kwenye haki za msingi, meza moja na kupiga marufuku utumikishwaji wa watoto. Shirika hilo linakadiria watu wapatao milioni 2.9 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi, na wengi wao hawafi kwa ajali, wanakufa kwa maradhi, polepole, nyumbani, bila gazeti kuandika. Kokoto zenu zinajenga shule na barabara. Ikiwa anayezisaga anamaliza pumzi akiwa na miaka arobaini, nani atamlipia mtoto wake daftari kwenye hiyo shule? Wale wageni wangepaswa kuuliza hilo kabla ya kushika koleo. Nenda kapige eksirei, kisha niandikie.

Swali: Mama, mume wangu ni saidia fundi hapa Dodoma. Wiki tatu zilizopita ubao wa jukwaa ulikatika akaanguka kutoka ghorofa ya pili, amevunjika paja. Mkandarasi alileta shilingi elfu hamsini na mchele, akasema mume wangu ni kibarua, hana mkataba, kwa hiyo hana fidia. Ni kweli?
*Mke wa saidia fundi*

Jibu: Pole sana, mwanangu. Si kweli, na wanaosema hivyo wengi wanajua kwamba si kweli. Tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi 2015. Kibarua naye ni mfanyakazi. Mchango anatoa mwajiri peke yake, asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa mtu wa laki tatu kwa mwezi ni shilingi 1,500. Hesabu mwenyewe ni chapati ngapi.

Kama Mfuko ukilikubali dai lake, matibabu yanalipiwa, na kuna malipo ya kipindi ambacho hawezi kufanya kazi. Akibaki na ulemavu kuna fidia ya hilo pia. Ila ofisi hailipi huruma, inalipa karatasi. Kusanya kila cheti cha hospitali. Tafuta ujumbe wa simu wa malipo ya ujira, hata wa elfu kumi, maana unaonyesha nani alikuwa anamlipa. Andika namba za simu za wenzake waliokuwa jukwaani siku ile, na uziandike leo. Vibarua huhama na kazi, mwezi ujao wako Singida. Kama kuna aliyepiga picha ule ubao, omba akutumie. Taarifa inatakiwa itolewe na mwajiri, lakini asipotoa usikae ukimngoja, nenda mwenyewe ofisi ya Mfuko, na usiache miezi 12 ikapita.

Ule mchele pikeni mle. Ila ukiletewa karatasi ya kusaini kwamba "tumemalizana," mwambie unasubiri mjomba aje aisome kwanza.

Swali: Shikamoo. Niko Pangani. Nanunua betri chakavu za magari na za sola, navunja, nayeyusha risasi kwenye karai nyuma ya nyumba, natengeneza chubwi za wavuvi, zile za kuzamishia nyavu. Kwenye semina tuliambiwa kurejeleza taka ni kulinda mazingira. Mke wangu ananyonyesha na analalamika moshi. Nimpe maziwa?
*Fundi chubwi*

Jibu: Marahaba. Maziwa tena! Mwanangu, zima hilo jiko kabla hujamaliza kusoma.

Mlichoambiwa kwenye semina ni kweli nusu. Betri chakavu zikitupwa ovyo zinaua udongo, na kuzirejeleza ni kazi njema. Lakini ni kazi ya kiwanda chenye mitambo ya kunasa moshi na vumbi, si ya karai. Risasi hii ya kwenye betri haihitaji bunduki kukupata: inaingia kwa pumzi na kwa vidole unavyoshikia chapati. Kwa mtu mzima inaleta tumbo la kusokota, kichwa, usahaulifu, damu kupungua. Kwa mtoto inagusa ubongo unaokua, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Sikutishi kwa hadithi za mbali. Kijiji cha Owino Uhuru kipo Mombasa, safari ya asubuhi kutoka kwako. Palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, kazi ya kijani kabisa kwenye makaratasi. Phyllis Omido aliajiriwa pale mwaka 2009 akiwa na mtoto mchanga. Mtoto akaugua, hospitali wakahangaika na malaria na homa ya matumbo, hadi damu yake ilipopimwa ikakutwa na risasi. Ilimfikia kupitia maziwa ya mama yake. Omido aliacha kazi akaanza kupigania kijiji, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliurejesha uamuzi huo wa kwanza. Hesabu watoto waliokua katikati ya tarehe hizo.

Kwa hiyo mke wako hahitaji maziwa ya pakiti. Anahitaji wewe uache kuleta risasi ndani, na yeye na mtoto wakamwone daktari, mumweleze kazi yako bila kuficha. Asiache kunyonyesha kwa kusoma gazeti; daktari ndiye atakayempa ushauri.

Biashara huna haja ya kuiacha yote. Nunua betri, usizivunje. Zisimame wima, zisimwagike asidi, chini ya paa, juu ya sakafu ya saruji, mbali na kuku na watoto, kisha uwauzie wenye kibali cha kuzikusanya. Faida itapungua, najua, na wavuvi watakununia. Kuna wanaotengeneza chubwi kwa mawe na saruji, kawaulize wazee wa nyavu.

Ile sehemu ya nyuma ya nyumba usiifagie kavu. Ilowanishe, kwangua udongo wa juu ukiwa umevaa barakoa yenye chujio, uutie kwenye mifuko na uufunge, kisha nenda kwa bwana afya wa wilaya akuelekeze pa kuupeleka. Na zile suruali za kazi zifue peke yake, zisichanganywe na nepi, na maji yake usiyamwage kwenye tuta la mchicha.